Tunahamia Steam, na daftari la ahadi linakuja nasi

Katika droo ya meza yangu, hapa Ntinda, Kampala, limo daftari la shule la kurasa 96, lile lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Kurasa zake za mwanzo zimejaa majina ya watu 173, kila jina likifuatwa na kiasi kilichoahidiwa, kiasi kilicholetwa na tarehe. Hao ndio waliotuwezesha, mimi na binamu yangu, kuacha kazi ya kufunga kamera za ulinzi kwa mwaka mmoja na nusu tukatengeneza chombo cha kutengenezea michezo ya ubao na karata kwenye kompyuta. Sasa chombo hicho kinahamia Steam, duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta na programu, na kwa kuwa wengi wa waliomo daftarini wananiuliza uhamisho huo una maana gani kwao, nimeona heri niandike mara moja kwa urefu kuliko kujibu kipande kipande kwenye WhatsApp.

Kwa wasiotufahamu, chombo chetu hakitengenezi michezo ya risasi wala ya magari. Mtumiaji huchora ubao, huweka mashimo, kete au karata, kisha huandika kanuni kwa kuunganisha vipande vya sentensi vilivyokwisha kuwekwa tayari. Mfano wetu wa kwanza ulikuwa mweso, ndugu wa bao la pwani: safu nne za mashimo manane, kete 64, kila mchezaji akimiliki safu mbili na kete 32. Mweso ni mtihani mzuri kwa chombo cha aina hii, kwa sababu kanuni yake ya kula ina masharti mengi kuliko mtu anavyodhani akiwatazama wazee wakicheza chini ya mwembe. Kete ya mwisho lazima iangukie safu ya ndani, katika shimo lisilo tupu, na mashimo yote mawili ya mpinzani yaliyo mkabala nalo yawe na kete. Tena kete zilizoliwa hazipandwi kuanzia ulipofika bali kuanzia pale ulipoanzia mzunguko ule. Chombo kinachoweza kueleza hayo yote bila mtumiaji kuandika hata mstari mmoja wa msimbo hakiwezi kushindwa na mchezo wa karata uitwao matatu.

Tulipokuwa tukitafuta fedha tulitazama kwanza Kickstarter, tovuti ya kuchangisha fedha za miradi, kama wengi. Mwaka 2012 mchezo wa kampuni ya Double Fine ulichangiwa huko zaidi ya dola milioni 3.3, na mwaka huohuo Spriter, chombo cha kuhuishia picha za michezo, nacho kilipata michango yake kwa njia hiyo kabla ya kuingia Steam baadaye, kwa hiyo njia ilikuwa imekwisha kukanyagwa na watu wa kazi kama yetu. Lakini Kickstarter hupokea miradi kutoka nchi zilizomo katika orodha yake tu, na Uganda haimo. Tukarudi kwenye utaratibu ambao kila mkazi wa Kampala anaujua hata kama hautaki, yaani mkutano wa harusi: mwenyekiti husoma bajeti, watu hutoa ahadi, mweka hazina huandika, na kitu fulani hupigwa mnada ili kuwachokoza wenye uwezo. Tulifanya mikutano mitano, mitatu Kampala na miwili nyumbani Busia, na kilichopigwa mnada kila mara ni ubao uleule wa mweso, ambao aliyeushinda alitarajiwa kuurudisha ili upigwe mnada tena wiki inayofuata. Waliokuwa mbali walituma kwa simu.

Kuna tofauti moja kati ya utaratibu huo na ule wa Kickstarter ambayo sikuitilia maanani wakati ule, na sasa inanikosesha usingizi. Huko, lengo lisipofikiwa, mchangiaji hakatwi hata senti. Kwetu, fedha iliingia na ikatumika siku ileile iliyoingia, na lengo halikufikiwa mpaka mwezi wa tisa. Mtu aliyetuma shilingi elfu kumi mwezi wa kwanza alikuwa amekwisha kubeba hatari yote kabla hatujaweza kumwonyesha chochote ila picha ya mashimo 32.

Nimeulizwa kwa nini iwe Steam. Jibu fupi ni kwamba wanunuzi wa vyombo hivi wamezoea kuvitafuta huko. Kampuni ya Valve ilianzisha Steam mwaka 2003, na Oktoba 2012 ikaruhusu programu zisizo michezo. GameMaker ilikuwa miongoni mwa zilizotangulia, na RPG Maker na Construct, nazo za kutengenezea michezo, hazikukawia. Zamani hizo kulikuwa na mfumo wa kura ulioitwa Greenlight, ambamo mtengenezaji asiyejulikana alilazimika kuwaomba wachezaji wamwidhinishe. Mfumo huo ulifungwa Juni 2017, na tangu hapo kinachotakiwa ni ada ya dola 100 kwa kila programu, ambayo hurudishwa programu ikishaingiza dola 1,000. Dola 100 kwetu ni takriban shilingi 350,000, na mjadala wa kuitoa ulituchukua jioni nzima na rolex mbili, zile chapati za kuviringishiwa mayai.

Kilichonichosha zaidi ya ada ni makaratasi. Jina katika fomu za malipo na kodi lazima lilingane herufi kwa herufi na jina la akaunti ya benki. Kitambulisho changu cha taifa hutanguliza jina la ukoo. Benki yangu, nilipofungua akaunti miaka kumi iliyopita, ililiweka mwisho na jina la katikati ikalidondosha kabisa, nami sikuligundua kosa hilo mpaka siku nilipolihitaji. Ilinibidi niape mbele ya wakili kwamba watu hao wawili ni mimi mmoja, kisha ningoje wiki tatu. Anayefikiria kupita njia hii na aanze na benki kabla hajagusa kitu kingine chochote.

Hesabu yenyewe iko hivi. Tumepanga kuuza kwa dola 15. Duka huchukua asilimia 30, zinabaki dola 10.50. Mnunuzi akiwa Marekani, kwa kuwa Uganda haina mkataba wa kodi na nchi hiyo, asilimia 30 nyingine hukatwa katika hizo zilizobaki, yaani dola 3.15, na sisi tunabaki na dola 7.35 kabla ya benki kuchukua chake na kabla ya Mamlaka ya Mapato ya hapa nyumbani kuuliza habari zetu. Wapo marafiki walioiona hesabu hii wakasema tunaibiwa. Mimi sioni hivyo. Nilishawahi kujaribu kumuuzia mtu wa Poland leseni moja kwa mkono, na barua pepe kumi na nne tulizoandikiana kuhusu njia ya kulipa zilikuwa na thamani kubwa kuliko dola nne na nusu.

Upakiaji nao ulitufundisha adabu. Mfumo wa Steam hukata faili zako vipande vya takriban megabaiti moja, na unapoleta toleo jipya hupandisha vipande vilivyobadilika tu. Kwa mtu anayenunua bando, na ambaye bando lake lina kodi ya asilimia 12 ndani yake tangu Julai 2021, hiyo ni habari njema sana. Ila sisi tulikuwa tumefunga picha na sauti zetu zote katika faili moja kubwa iliyobanwa, kwa sababu hapo awali tuliisambaza kwa flashi na faili moja ni rahisi kunakili. Faili iliyobanwa namna hiyo, ukibadilisha rangi ya kete moja tu, hubadilika kuanzia hapo mpaka mwisho. Mara tatu mfululizo tulirekebisha kosa dogo la tahajia na tukapandisha karibu megabaiti 300. Mara ya tatu umeme ulikatika tukiwa tumebakiza kidogo, binamu akainuka, akatoka nje, akakaa juu ya boda ya jirani kwa robo saa bila kusema neno. Kesho yake tulizitawanya picha katika faili ndogo ndogo, na toleo lililofuata likapanda kabla chai haijapoa.

Sasa nije kwenye mambo mawili ambayo yamebadilisha chombo chenyewe wala si namna ya kukiuza tu.

La kwanza ni saa mbili. Tangu mwaka 2015 mnunuzi wa Steam anaweza kurudishiwa fedha zake iwapo hazijapita siku 14 tangu anunue na hajatumia alichonunua kwa zaidi ya saa mbili, na kanuni hiyo inahusu programu kama inavyohusu michezo. Mchangiaji wetu wa Busia alipokwama alinipigia simu, nami nikamweleza. Hakuwa na haraka, kwa sababu alikuwa amekwisha kunivumilia miezi tisa. Mgeni wa Ujerumani au Brazili hana namba yangu. Atakachokiona katika saa mbili hizo ndicho kitakachoamua.

Basi tukamwomba mpwa wangu, aliye kidato cha tatu na hajawahi kukigusa chombo, aketi mezani afuate somo letu la kwanza bila sisi kufungua kinywa. Niliweka saa ya simu mbele yangu. Dakika ishirini zilipita akitafuta mahali pa kuongeza safu ya pili ya mashimo, kwa sababu kitufe chake tulikiweka chini ya menyu iliyoitwa "Sifa", na yeye alidhani sifa ni mahali pa kusifiwa. Kufika saa moja na dakika hamsini alikuwa amefika kwenye kanuni ya kula, na kete zake zilikuwa zikipandwa kinyumenyume. Hakulalamika. Aliniangalia tu akasema, "Mjomba, mwenye kununua hiki atakuwa amekwisha lala." Tulifuta somo lote. La sasa linaanza na ubao uliokwisha chorwa, wenye kanuni moja mbovu iliyopandwa makusudi, na kazi ya mwanafunzi ni kuitafuta na kuirekebisha. Mpwa wangu mwingine alilimaliza kwa dakika 35 na akaomba acheze dhidi ya kompyuta. Wachangiaji wetu walistahili somo hilo tangu mwanzo, na inanisuta kwamba tulilitengeneza kwa kumhofia mgeni.

La pili ni funguo, yaani namba za kumfungulia mtu chombo bila kukilipia dukani. Kila aliyemo daftarini tulimwahidi chombo hiki "popote kitakapouzwa", maneno ambayo niliyatamka mwenyewe kwenye mkutano wa pili nikiwa nimechangamka. Steam humruhusu mtengenezaji kuomba funguo bila malipo na kuwapa watu wake, kwa sharti la kutowauzia wengine kwa bei nafuu kuliko wanunuzi wa dukani. Ufunguo ni herufi na tarakimu 15 katika mafungu matatu, unaandikwa mara moja kwenye akaunti ya mtu na baada ya hapo haumfai mwingine. Nilianza kuzituma kwa mkono, moja moja, nikifuata mistari ya daftari. Mwalimu mmoja mstaafu wa Jinja, aliyetuchangia elfu thelathini, alinipigia simu usiku huohuo: "Mwanangu, mimi nilikutumia shilingi, wewe umenitumia namba za gari." Nilimweleza taratibu. Alifurahi sana, akaupiga picha ufunguo wake, akauweka kwenye hali ya WhatsApp ili watu wote wauone. Aliyeuona kwanza aliutumia. Nimemtumia mwingine, na sasa kila ujumbe wangu unaanza na onyo kwamba kitu hiki hakionyeshwi mtu, kama namba ya siri ya simu.

Lakini tatizo la funguo liko mahali pengine. Tangu Septemba 2016, maoni ya mtu aliyeipata programu kwa ufunguo huonekana ila hayaingii katika hesabu ya alama ya jumla, ile inayoonyesha kama wengi wameipenda au la, na alama hiyo haitokei mpaka yapatikane angalau maoni kumi yanayohesabiwa. Sababu yake naielewa: walikuwepo watengenezaji waliogawa funguo ovyo ili wasifiwe. Matokeo yake kwetu ni kwamba watu 173 wanaokijua chombo hiki kuliko mtu yeyote duniani, waliokitumia kikiwa bado kinaanguka kila dakika kumi, watasema yao na hayatahesabiwa, huku mgeni aliyekifungua kwa dakika arobaini akiwa na kauli kamili.

Binamu alikuja na dawa yake. Alipendekeza tusitume funguo, bali tumrudishie kila mchangiaji kwa simu kiasi kinachotosha kununua, naye anunue dukani kama mtu mwingine, kisha aandike maoni. Alikuwa amekwisha piga hesabu ya makato ya kutoa fedha. Nilikataa, na hatukuelewana kwa siku mbili. Kumpa mtu fedha anunue kitu chako ili akisifie ni kununua sifa, hata kama mtu huyo angekisifia bure, na ni kinyume cha masharti tuliyoyatia saini. Tena wengi wa hao hawana kadi ya kulipia mtandaoni. Duka lenyewe halionyeshi bei kwa shilingi ya Uganda. Tungekuwa tumewapa kazi ngumu ili watufae sisi. Tumekubaliana kwamba maoni kumi ya kwanza yatatoka kwa wageni, yawe mazuri au mabaya, na kwamba kabla ya hapo ukurasa wetu utakaa bila alama. Binamu bado anasema ninaringa.

Ugomvi wetu wa pili ulikuwa juu ya toleo la zamani, lile tulilosambaza kwa flashi. Tangu tarehe 1 Januari 2024 programu ya Steam haitumiki tena rasmi kwenye Windows 7 wala Windows 8, na ninapoyapitia majina ya daftarini naona shule ya Mbale yenye chumba cha kompyuta za msaada, zote za Windows 7, ambazo intaneti huzifikia mwalimu anapowasha simu yake. Kwa watu hao kuhamia Steam ni kufungiwa mlango wa nyumba waliyoichangia matofali. Binamu alitaka tusitunze matoleo mawili, na hoja yake si nyepesi, kwa kuwa kila rekebisho litajengwa mara mbili na kujaribiwa mara mbili na watu wawili walewale. Kilichotuokoa ni kwamba Steam haimlazimishi mtengenezaji kuifunga programu yake kwa ulinzi wa duka dhidi ya kunakiliwa; tumeweza kutenganisha sehemu inayozungumza na duka ikawa faili moja, ambayo isipokuwepo chombo hufunguka kama kawaida. Kwa hiyo mchangiaji atapewa ufunguo, na akitaka atapewa pia faili ya kusakinishia isiyoulizia akaunti wala mtandao, na tumeahidi kuitoa hiyo kwa miaka miwili. Nilitaka mitano. Tulikutana kwenye miwili.

Ukurasa wa duka nitausemea kwa ufupi. Picha ya kichwa tuliyoitengeneza ilikuwa na maandishi makubwa "Imetengenezwa Uganda", ambayo tumeyaondoa, kwa kuwa tangu Septemba 2022 picha hizo haziruhusiwi kubeba maneno zaidi ya jina la bidhaa. Sasa ubao wa mweso ndio unaosema hivyo kwa niaba yetu, na anayeutambua ataelewa. Chombo chenyewe kina Kiswahili, Kiingereza na Kiluganda, ingawa mnunuzi atalazimika kukifikia kupitia duka ambalo menyu zake hazina Kiswahili. Ukurasa lazima ukae wazi angalau wiki mbili kabla ya kuanza kuuza, na wetu umekaa siku tisa.

Mpaka asubuhi ya leo funguo 121 zimepokelewa. Kati ya 52 zilizobaki, wengi ni watu ambao hawana kompyuta na hawakuwahi kuwa nayo; walichanga kwa sababu mama yangu alikuwa amekaa mstari wa mbele. Wao nimewauliza wanataka nini, na jibu la kawaida ni kwamba ufunguo apewe mtoto fulani. Namba kumi na nne hazipatikani. Mstari wa 88 hauna hata namba: umeandikwa "Mama Chapati, 5,000", kwa mwandiko wa binamu, mkutano wa Busia, na sisi wawili hatukumbuki ni yupi kati ya wanawake watatu waliokuwa na vikaango karibu na uwanja ule. Jumamosi ninapanda basi la asubuhi nikiwa na daftari na flashi, niwaulize wote watatu.